Mama Aliyeshona Ubongo kwa Kitambaa

Ndugu zetu mliokuja, wa karibu na wa mbali, poleni, na asanteni kwa kuyaacha yenu mkaja kukaa na sisi. Familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yetu, nami nikiwa mwanawe wa kati nimekubali kwa sharti moja tu, kwamba yale ya kuchekesha nisiyaruke, kwa sababu mwenyewe asingeyaruka.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1944, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa baba fundi bati na mama dobi, na kwa kuwa alikulia katikati ya nguo za watu, alijua kukunja shuka peke yake, ncha moja ameibana kwa kidevu, kabla hajajua kuandika jina lake. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote, wengi wenu mnaweza kushuhudia, alikuwa akikutembelea na kuona shuka zako zimekunjwa vibaya kabatini, anakunywa chai yako, anakusifia watoto wako, kisha anazitoa zote na kuzikunja upya, nawe huwezi kusema neno.

Alianza shule ya msingi Januari 1952 na kumaliza Novemba 1958, akiwa wa tatu katika darasa la watoto arobaini na wawili, lakini hakuendelea mbele, kwa kuwa zamu ya kusoma ilikuwa imewafikia wadogo zake, naye hakulilia jambo hilo hadharani, ila mwalimu wake wa sayansi aliwahi kumwambia bibi yetu, "Huyu mtoto anauliza maswali mpaka natamani kengele ilie," na maneno hayo marehemu aliyahifadhi kama cheti. Kuanzia 1959 hadi 1961 alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, mwanamke mkali kama wembe, ambaye alikuwa akifumua kazi nzima kwa ajili ya mshono mmoja uliopinda, na aliyemfundisha kwamba nguo hukaguliwa upande wa ndani.

Tarehe 3 Februari 1964 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha chuo cha wauguzi, kilichokuwa kimeshikana ukuta na hospitali kubwa, chumba chenye dirisha moja, cherehani tatu na rafu zilizofika darini, na kazi yake ilikuwa kushona shuka, foronya, magauni ya wagonjwa na vile vitambaa vya kijani vya chumba cha upasuaji.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1965 na marehemu baba yetu, aliyekuwa mtangazaji wa kituo cha treni, na ambaye mji mzima ulimwita Spika kwa sababu ya sauti yake, iliyokuwa nzito, tulivu, na ya kumfanya hata mtu asiye na safari atamani kusafiri. Walijuana siku marehemu alipoachwa na treni huku amesimama palepale jukwaani, akaenda moja kwa moja hadi dirisha la mtangazaji na kumwambia, "Kaka, sauti yako imenichelewesha, nimeisikiliza yenyewe nikasahau kusikia maneno," baba naye akamjibu bila kupepesa macho, "Basi subiri ya saa kumi, nitakutangazia taratibu." Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza mwaka 1967, ambaye ni fundi umeme, mimi niliyefuata mwaka 1970, na kitinda mimba wetu wa 1974, ambaye ni mkutubi, na sote tulilelewa kwa upendo na kwa ukaguzi wa upande wa ndani.

Sasa nifike kwenye lile lililompa mama yetu jina ambalo wengi wenu mlimjua nalo. Mwezi Oktoba 1971, wiki tatu kabla ya mtihani wa vitendo, sanamu ya ubongo ya jasi, ambayo ilikuwa moja tu chuo kizima, ilianguka kutoka mezani ikawa unga, na mkufunzi wa wauguzi, mama mmoja mwembamba aliyezoea kutembea kama anayekimbia mvua, akaingia chumba cha ushonaji akiwa amebeba mabaki yake ndani ya shuka na kuuliza kama wana gundi. Marehemu alizitazama zile chenga, akasema, "Hii, gundi haiiwezi, lakini kama ni umbo tu mnalolitaka, mimi naweza kulishona." Mkufunzi alicheka, kisha akaacha kucheka, maana alimwona mwenzake tayari ameshika futi.

Matroni wa chuo hakupendezwa, akatamka mbele ya watu kwamba mshona shuka hana kazi darasani, lakini mkufunzi akamjibu kwa upole, "Basi mwalimu asiye na sanamu naye hana kazi darasani, tutakaa wote nje," na kuanzia siku hiyo marehemu alikaa benchi la nyuma, saa mbili kila asubuhi, na daftari la mistari na penseli ya kuchorea vitambaa. Pale ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kile tulichonacho kichwani kina uzito wa kama kilo moja na theluthi, kwamba ni laini kuliko watu wanavyodhani, na kwamba sehemu ya juu imejikunjakunja kwa sababu ni kubwa mno kwa fuvu, ukiitandaza ingekaribia foronya moja, jambo ambalo wanafunzi waliliandika tu, lakini yeye alilielewa hadi kwenye vidole, akasema kwa sauti, "Kumbe ni marinda!" na darasa zima likageuka kumtazama.

Alishona kwa vitambaa vya mabaki, kila sehemu na rangi yake, buluu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambako mtu hupanga, huamua na hujizuia asiseme jambo la kujutia, kijani cha juu kati, ambako ngozi huleta habari za joto, baridi na maumivu, njano ya pembeni, karibu na masikio, kwa kusikia na kuelewa, na zambarau ya kisogoni kabisa, ambako macho hupeleka kila yanachokiona, na jambo hili la mwisho lilimshangaza sana, kwamba macho yako mbele lakini kuona kwenyewe kunafanyika nyuma. Chini ya zambarau aliweka kifungu cha kahawia chenye mishono ya karibukaribu, huo ni ubongo mdogo, unaomfanya mtu asimame wima na mkono ufike pale ulipokusudiwa, na katikati akateremsha shina jeupe, nene kama kidole gumba, linalosimamia pumzi na mapigo ya moyo bila kumsumbua mwenyewe, kisha akaziunganisha nusu mbili kwa ukanda wa nyuzi nyingi sana, akajaza pamba na mchanga hadi uzito ukafika.

Kasoro ilikuwa moja. Kama kila mshonaji anavyojua, ukishona kwa ndani halafu ukageuza, kushoto huwa kulia, na katika haraka ya siku ya mwisho marehemu alisahau, kwa hiyo kile kifungo chekundu alichokiweka kuonyesha mahali pa kutamkia maneno kikatokea upande usio wake, na mkufunzi alipokishika akasema, "Mama, huyu mtu wako anaongelea kulia." Marehemu akauliza kama watu wa hivyo hawapo, akaambiwa wapo, lakini ni wachache, wengi wetu usemi unakaa kushoto, tena kushoto huko ndiko kunakoamrisha mkono na mguu wa kulia, akasikitika, akasema, "Hii nyumba fundi wake alichanganya waya, swichi ya sebuleni ameiweka chumbani," kisha akafumua kazi nzima, kama shangazi yake alivyomfunza, akashona upya kwa siku mbili. Wanafunzi walifanya mtihani wao wakiwa na ubongo wa kitambaa mezani, wakafaulu, na toka hapo hakuitwa tena kwa jina lake, akawa Mama Ubongo, hata huko sokoni.

Katika miaka iliyofuata alishona akili za watu thelathini na nane, kama alivyopenda kutania, kwa vyuo na shule zilizoagiza, na kila aliyepokea kazi yake alipewa na maelezo bure, atake asitake.

Maelezo hayo yalikuja kutufaa sisi wenyewe siku ya Jumapili, tarehe 12 Machi 1995, saa moja na nusu asubuhi. Baba alikuwa anajiandaa kwenda zamu, marehemu akamwomba ampe kitana kilichokuwa kwenye rafu, baba akakishika, kikaanguka, akakiokota kwa mkono wa kushoto, na alipotaka kusema kitu, yakatoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu, mdomo umeteremka upande wa kulia. Baba mdogo, aliyekuwa amelala kwetu siku hiyo, akasema, "Shemeji, amechoka tu, wiki nzima yuko kazini, mlaze, mpe chai yenye sukari nyingi," na tayari alikuwa ameshajaza kikombe na kukipeleka mdomoni kwa kaka yake. Marehemu, ambaye hatukuwahi kumwona akimnyanyulia mtu sauti, alikipiga kile kikombe kikaenda kugonga ukuta, akasema, "Usimpe hata tone! Mkono wa kulia umekufa, maneno yamekufa, hili limempata kushoto, na koo nalo huenda limelala, utamzamisha kwa chai!"

Alimlaza ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, akamtuma baba mdogo kwa jirani mwenye pikapu, na dakika ishirini baadaye walikuwa hospitalini, ambako daktari wa zamu alithibitisha kuwa ni kiharusi, kwamba mshipa unaolisha upande wa kushoto wa ubongo umeziba, akamuuliza muuguzi nani amemhudumia mgonjwa nyumbani, akajibiwa kuwa ni mkewe, mshona shuka. Baadaye daktari alimweleza baba mdogo kwamba kikombe kile kingeweza kuingia mapafuni, na tangu siku hiyo baba mdogo, ambaye yuko hapa na ananisikia, hakuwahi tena kumpikia mtu chai bila kuuliza kwanza.

Baba alipona mwili kwa kiasi cha kutembea na fimbo, lakini usemi haukurudi, na ninyi mliomjua Spika mnaweza kufikiri ilikuwaje kwa mtu ambaye sauti yake ilikuwa kazi yake, jina lake na mahari yake. Alielewa kila kitu, alijua anachotaka kusema, neno likafika mlangoni likakataa kutoka, naye akawa anageukia ukuta na kukaa hivyo hadi mchana. Marehemu hakumbembeleza kwa maneno, kwa sababu maneno ndiyo yaliyokuwa yakimuuma, alihamishia tu cherehani yake ya nyumbani chumbani kwa baba, akawa anashona pale.

Siku moja ya Agosti mwaka huohuo, wifi yetu, mke wa kaka mkubwa, alikuwa anamlaza mtoto wake kwa wimbo wa kubembelezea watoto, ule ambao kila nyumba inao na hakuna anayejua aliyeutunga, na kutoka chumbani ikasikika sauti nzito ikiitikia, maneno yote yamenyooka, hakuna hata moja lililopotea njia. Marehemu aliacha cherehani inazunguka. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa mtaalamu wa mazoezi hospitalini, akamuuliza imekuwaje mtu asiyeweza kuomba maji aweze kuimba ubeti mzima, na yule mtaalamu akamwambia kwamba si jambo geni, kwamba nyimbo hutegemea sana upande wa kulia, na upande huo wa mzee ni mzima. "Basi," marehemu akasema, "atapita mlango wa nyuma."

Ilichukua miezi, haikuwa siku moja, walianza na neno moja, maji, wakiliimba pamoja huku marehemu akimgonga kiganja cha kushoto kwa mapigo, wakaongeza chai, wakaongeza fungua dirisha, na kufikia mwaka uliofuata nyumba yetu ilikuwa kama ukumbi wa muziki, mzee anaomba chumvi kwa wimbo wa kulazia watoto, anamkaripia fundi umeme wetu kwa wimbo wa gwaride, na siku ya harusi yangu, tarehe 7 Juni 1997, alisimama mbele ya wageni mia mbili na kuwakaribisha chakula kwa mtindo ule wa kutangaza treni, akiuvuta kama wimbo, kwamba abiria wote waelekee jukwaa namba moja, ambako wali unaondoka sasa hivi. Watu walicheka hadi machozi, mama alikuwa anacheka tu, machozi hakuwa nayo. Baba alifariki tarehe 21 Septemba 2006, miaka kumi na moja tangu kiharusi, na marehemu aliihesabu miaka hiyo kuwa mizuri kuliko yote, maana alisema zamani mumewe alikuwa akimaliza maneno yake yote kituoni na kurudi nyumbani bubu.

Alistaafu tarehe 30 Juni 1999, akaendelea kushona nyumbani, akawa na wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Kuhusu ugonjwa wake, mtu wa kwanza kuugundua alikuwa mwenyewe. Mwaka 2016 mkasi ulipatikana kwenye friji mara mbili, akawa anauliza swali, anajibiwa, anauliza tena, na Jumapili moja mchana, tarehe 20 Novemba, alituita watoto wote watatu, akaweka mezani ubongo wa kitambaa, akasema, "Kaeni niwaeleze kabla sijasahau nilichotaka kuwaeleza." Tulicheka, kisha tukakaa. Alifungua ile njano ya pembeni, akatoa kutoka ndani kipande kidogo kilichojipinda, akasema, "Huyu ni karani wa mapokezi, mambo mapya yote yanaandikwa kwake kwanza, na karani wangu amechoka, nimemwona. Ya leo hatayaandika. Ya zamani yako kwingine, yatakaa kwa muda, na mikono ina daftari lake yenyewe, kwa hiyo msininyang'anye sindano." Kaka alimwambia tutamtafutia daktari bingwa, akajibu, "Tafuta, baba, nitakwenda, lakini nisikilizeni kwanza. Siku nikiwasahau, msinifanyie mtihani. Msiingie na kuniuliza, mama, mimi ni nani? Mtu mzima haulizwi hivyo nyumbani kwake. Ingieni, semeni majina yenu, tunywe chai."

Daktari bingwa alithibitisha alichokisema, akampa dawa za kupunguza kasi, na sisi tukalishika agizo lake, ingawa mimi nakiri kwamba mara ya kwanza niliposimama mlangoni na kumwambia mama yangu mzazi, "Mama, ni mimi mwanao wa kati, nimekuja tunywe chai," niligeuka kidogo kwanza nikafuta uso. Lakini ikawa hivyo kwa miaka saba, na haikuwa miaka ya kilio. Alisahau tarehe, akasahau wajukuu, akasahau kwamba baba ametangulia, na akimuulizia tulimjibu kwamba yuko kituoni, akatosheka. Sindano hakuisahau. Mwezi Oktoba mwaka huu aliniangalia muda mrefu nilipokuwa namkatia kucha, akasema, "Jina lako limenitoka, lakini ukiingia mlangoni nafurahi, kwa hiyo lazima uwe mtu wangu," nami sikuhitaji zaidi ya hapo, na mpaka leo sihitaji.

Mwishoni mwa Oktoba mapafu yake yaliingiwa na homa, akalazwa, madaktari wakatushauri arudi nyumbani apumzike, na tarehe 2 Novemba 2023, saa nne asubuhi, madirisha yakiwa wazi, watoto wake watatu tukiwa tumemzunguka, pumzi yake ilipungua kidogo kidogo, bila kuhangaika, akatuacha akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Familia inamshukuru daktari bingwa, ambaye hata siku moja hakuongea na sisi mbele ya mama kana kwamba hayupo, na muuguzi wa kituo cha afya aliyekuwa akija kwa miguu kila Alhamisi, na majirani wa pande zote mbili, hasa mama mwenye duka la vitabu, aliyemrudisha nyumbani mara nne bila kumfanya ajione amepotea, akimwambia tu kwamba wote wawili wanaelekea njia moja.

Na shukrani za pekee ziwaendee wafanyakazi wa chuo cha wauguzi, ambao mmekuja wengi, nawaona. Kuna jambo ambalo wengi hapa hawalijui. Mwaka jana mama alitoroka nyumbani mara kadhaa asubuhi, amevaa gauni lake la kazi, akaenda hadi getini kwenu akisema amechelewa zamu, miaka ishirini na mitatu baada ya kustaafu. Mlinzi angeweza kumrudisha. Hakumrudisha, alimsalimia, akamfungulia, na vijana wa chumba cha ushonaji, ambao hawakumjua ila kwa sifa, walimpa kiti karibu na dirisha na rundo la shuka akunje, halafu ndipo wakatupigia simu, wakatuambia, "Msiwe na haraka, mama yuko kazini." Aliporudi nyumbani siku hizo alikuwa na njaa, amechoka uchovu mzuri, anatusimulia habari za matroni ambaye alikufa zamani, na analala fofofo hadi asubuhi. Nilipokuja kuwashukuru, msimamizi wao alinionyesha rafu nzima, akaniambia shuka zile hawazigusi, wanawaleta wanafunzi wapya wazitazame ili wajue shuka inakunjwaje.

Mama, zamu yako imekwisha, na kazi imekaguliwa ndani na nje. Lala kwa utulivu. Sisi tumeridhika.